Kitabu cha Kilatini Kilichofungia Karanga

Wadogo zangu wa chumba cha kujalidi, siku mliponiaga mlinipa doti ya kanga, saa ya ukutani na daftari kubwa lenye mistari. Kanga nimeshaivaa mara tatu. Saa inapiga kelele sebuleni, na mjukuu wangu ameshaigeuza uso iangalie ukuta. Daftari ndilo hili. Neema wenu alisema, "Bibi, yaandike kabla hujayasahau." Mimi nimesahau mengi, hata mahali nilipoweka miwani asubuhi hii, lakini kazi yangu sijaisahau. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vimo kwenye faili, na anayevitaka aende masijala akapigwe na vumbi.

Nilianzia Mchafukoge, miaka ile ya Ujamaa, wakati kila mtu alikuwa "ndugu", na ukiona foleni unapanga kwanza ndipo unauliza wanauza nini. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kidato cha kwanza sikuchaguliwa. Sikulia sana. Nilikuwa na ndoto nyingi, ikifa moja nachukua nyingine: mara nitasoma taarifa ya habari redioni, mara nitakuwa rubani. Mama yangu, ambaye alikuja na baba kutoka Lindi na mizigo miwili na mimi mgongoni, alikuwa akisema, "Tabu, mwanangu, ndoto haziungwi nazi." Akanishika mkono mpaka kwa Mzee Seif.

Mzee Seif alikuwa mjalidi, yaani mtu wa kushona na kufunika vitabu. Babu yake alitoka Uarabuni na sindano na jiliwa la mbao, na lile jiliwa ndilo lililokuwa bado linabana vitabu nilipoingia. Karakana ilikuwa chumba kimoja chembamba kati ya duka la vitambaa na ngazi za ghorofa, kinanuka gundi ya unga wa ngano iliyochemshwa na mrututu kidogo ili wadudu wasiile. Tulijalidi misahafu, daftari za maduka, vitabu vya kisomo cha watu wazima, na kila kilichochanika mjini.

"Shikamoo, Mzee," nilisema.

"Marahaba. Unajua kusoma Kiarabu?"

"Nilifika juzuu ya tano."

"Basi kaa. Panga hizi."

Akanimwagia mezani karatasi za kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono, zimechanganyika kama mchele na mawe. Nikatafuta namba za kurasa. Hakuna. Nikazigeuza, nikazinusa, nikazitazama kwenye mwanga. Mzee anakunywa kahawa yake, ananiangalia tu. Saa nzima ilipita. Mwisho nikasema, "Mzee, aliyeandika kitabu hiki alisahau namba."

"Hakusahau. Hakuzihitaji. Angalia chini kabisa, pembeni."

Chini ya ukurasa, peke yake, mbali na mistari mingine, palikuwa na neno moja dogo. Mzee akachukua karatasi nyingine, akaniwekea kando. Ilianza na neno lile lile.

"Hili tunaliita mshika mkono," alisema. "Ukurasa unaoondoka unaita neno la kwanza la ukurasa unaokuja. Unaokuja unaitika. Ukiona hauitiki, si wake."

Nilizipanga zote kabla ya adhuhuri. Mnajua furaha ya mtu aliyefungua kufuli asilokuwa na ufunguo wake? Nilirudi nyumbani nikimwambia kila niliyempita. Baba akasema vizuri, lakini kesho niwahi.

Mzee alikuwa na sheria chache na kali. Karatasi yoyote yenye Kiarabu, hata kipande kama kucha, inakaa rafu ya juu, kwa sababu huwezi kujua ina jina la Mungu au haina. Haitupwi, haikanyagwi, haifungiwi kitu. Taka nyingine zinaingia guniani, na gunia ni la Bi Pili. Bi Pili aliuza karanga Kariakoo, karibu na soko jipya, lililokuwa bado linanukia saruji. Kila Alhamisi alipita kuchukua karatasi za kufungia, akatuachia karanga za moto. Sauti yake ilifika kabla yake.

"Hodi wajalidi! Leo mmenichania nini?"

Sasa niwaletee kitabu chenyewe.

Nilikuwa na miezi mitatu kazini. Jumanne moja aliingia mwanamume mwembamba, suti ya kaunda imepauka mabegani, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye shuka kama mtoto mchanga. Alikuwa Mwalimu Chitanda, mtu wa Masasi, akifundisha fizikia sekondari hapa mjini. Alifungua shuka. Kitabu kikubwa, ngozi imepasuka, mgongo wote umeliwa na mchwa.

"Aliniachia padre aliyenifundisha," alisema. "Alipokuwa anarudi kwao alinipa sanduku zima. Mimi nikadhani ni vitabu vya sala."

"Si vya sala?" Mzee aliuliza.

"Hiki kilipigwa chapa Uingereza, karibu miaka mia tatu iliyopita. Ndicho kilichoeleza kwa hesabu kwa nini korosho inaanguka chini na mwezi hauanguki."

Mimi sikuweza kunyamaza. "Kwani mwezi unataka kuanguka?"

Mwalimu akanigeukia, uso wote umefunguka. Walimu wa kweli ndivyo walivyo, swali la kijinga kwao ni sikukuu. Tena alishanisikia lafudhi ya Kusini. "Unaanguka, binti wa nyumbani. Kila siku unaanguka. Ila unakwenda kasi pembeni, kwa hiyo kila ukianguka unaikosa dunia."

Siku ile nilitembea mpaka nyumbani nikiangalia juu, nikajikwaa mara mbili.

Shida ya Mwalimu ilikuwa hii. Maktaba kubwa ya mjini ilikuwa tayari kukipokea kitabu kiwe mali ya wananchi, kiwekwe kwenye kabati la kioo, kila mwanafunzi aweze kuja kukiona. Lakini mtaalamu mmoja wa vitabu vya kale alikuwa anapita nchini, na Jumatatu ndiyo siku aliyokubali kukikagua. Kama ni chapa ya kwanza, na kama kurasa zote zipo, kinaingia kabatini. Kama kimepungua, ni kitabu kikuukuu tu, kirudi sandukuni kwa mchwa wake.

"Mimi nahamishwa mwisho wa mwezi, naenda shule ya kijijini," Mwalimu alisema. "Huko hakuna sanduku litakalowashinda mchwa. Nataka nikiache mahali mtoto wa mkulima anaweza kukiona. Basi."

Mzee alikipapasa kama daktari anavyopapasa tumbo. "Nitakifumua, nikishone upya. Jumapili jioni uje."

"Lugha gani hii, Mwalimu?" niliuliza. Herufi nilizisoma zote, neno sikuelewa hata moja.

"Kilatini. Lugha iliyokufa."

Jumatano nilikifumua mimi mwenyewe, Mzee amesimama juu ya bega langu. Nyuzi zilikuwa zimekwisha, unazigusa zinakuwa unga. Karatasi, lakini! Nene, laini, ngumu kuchanika, kila chache zimekunjwa pamoja kama kijitabu. Nilizifunga kitambaani nikaziweka rafu ya chini, maana hazikuwa na Kiarabu. Jalada lililoliwa tulilitia kwenye boksi lake.

Alhamisi Mzee alitaka kwenda kumwona mgonjwa. Akiwa mlangoni, kofia kichwani, alikumbuka kwamba kwenye gunia la taka kulikuwa kumeingia kwa bahati mbaya vipande vya msahafu mmoja uliochakaa. Akasema kwa sauti, mguu mmoja barabarani:

"Tabu! Bi Pili akija, mpe zile za Kilatini tu. Zile nyingine niachie."

"Bee! Nimesikia, Mzee!"

Nilisikia kweli. Hapo ndipo palipoharibika.

Mzee Seif, wadogo zangu, alikuwa mtu wa zamani. Kwake yeye maandishi yalikuwa ya aina mbili, Kiarabu na Kilatini. Ukiandika a, b, c, hata kama unaandika "ugali na dagaa", hiyo ni Kilatini. Alimaanisha nichambue gunia: daftari kuukuu za maduka nimpe Bi Pili, vipande vya Kiarabu vibaki. Lakini mimi neno Kilatini nilikuwa nimelisikia mara moja tu maishani, juzi yake, kutoka kwa Mwalimu Chitanda. Katika akili yangu mji mzima ulikuwa na kitu kimoja cha Kilatini, nacho kilikuwa kwenye rafu ya chini.

Nilishangaa, msidhani sikushangaa. Nilisimama na lile furushi mkononi nikasema moyoni, labda wamekubaliana, maana lugha yenyewe imekufa. Siku hizo mkubwa akisema humuulizi kwa nini. Nilihuzunika hata kumwambia Bi Pili, "Uzitunze, zina michoro mizuri."

Bi Pili aliipapasa ile karatasi kwa vidole. "Mmh! Leo mmenipa kitenge."

Ijumaa asubuhi Mzee alitayarisha sindano na uzi wenye nta. "Lete kitabu cha Mwalimu."

"Si nimempa Bi Pili, Mzee? Kama ulivyosema."

Mzee hakunipigia kelele. Ningefurahi kama angenipigia. Alikaa chini taratibu, akavua kofia, akaiweka kwenye goti. Kisha akauliza, "Nilisemaje?"

"Ulisema nimpe za Kilatini."

Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe mtu mzima anacheka, cheko lile la kukosa pa kwenda. "Kweli nilisema," alisema. "Lahaula. Kweli nilisema. Vaa viatu."

Tulikata Mnazi Mmoja tukishuka Kariakoo, mimi mbele nakimbia, yeye nyuma anaita, "Usikimbie, utagongwa na mkokoteni, nitamwambia nini mama yako?" Mvua ya usiku ilikuwa imeacha madimbwi Msimbazi kote. Bi Pili alikuwa kwenye kiti chake cha kigoda, sinia mbele, anakunja karatasi kuwa pembe, anajaza karanga, anakunja kichwa. Nikaiona. Mviringo mmoja mkubwa na mistari ikipita katikati, umejaa karanga mpaka juu.

"Bi Pili, simama!"

"Nisimame kuna nini, bendera inapanda?"

Mzee alimweleza. Bi Pili akashika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mnene mwenye huruma kuliko soko zima. "Jamani mimi! Nimeuzia watu elimu!" Sehemu kubwa ya furushi ilikuwa chini ya kigoda, haijaguswa. Lakini tangu jana jioni alikuwa ametumia karatasi nyingi, na nyingine aliwagawia majirani, kwa sababu kitu kizuri huli peke yako.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa hapo ananunua karanga. Akapanda juu ya kreti, akasafisha koo kama yuko mkutanoni. "Ndugu wananchi! Mwenye karatasi yenye duara na mistari airudishe hapa! Ni mali ya taifa!"

"Na karanga zake?" mtu akauliza.

"Karanga ni mali yako, ndugu. Kula haraka."

Haki ya Mungu, sijawahi kuona watu wakila karanga kwa haraka na kwa uzalendo kiasi kile. Bi Pili alikaa na kanga yake pajani anazipokea karatasi, anazinyoosha kwa kiganja, anamwambia kila mtu ahsante mwanangu. Mpagazi mmoja alizirudisha mbili akiwa bado anatafuna. Mzee mmoja alikataa mpaka amalize, tukamsubiri, akawa anakula moja moja makusudi huku anatuchekea.

Fundi cherehani wa kwenye baraza alikuwa amechukua nne. Alikuwa amezichora kola kwa chaki, mkasi mkononi, ndiyo kwanza anaufungua.

"Fundi, usikate!"

"Hii karatasi ni ya kwanza kunifaa tangu mwaka uanze," alinung'unika. "Haikunjamani. Mtu aliyeandika humu alikuwa anashona nini?"

"Alikuwa anashona mwezi na dunia," nilimwambia. Sijui yalitoka wapi maneno hayo. Fundi akanitazama, akazirudisha.

Ya mwisho ilikuwa kwa mganga wa mitishamba, nyuma ya soko. Alikuwa ameibandika ukutani juu ya chupa zake kwa vijiti. Mchoro wake ulikuwa mkubwa, duara ndani ya duara.

"Hii haitoki," alisema. "Hii ni falaki. Tangu niitundike jana nimepata wagonjwa saba."

Mzee akataka kubishana. Nikamwahi. "Babu, hujakosea. Ni habari za nyota na mwezi kweli. Lakini hiyo ni karatasi moja tu. Bila nyenzake nguvu yake imekatika katikati. Unawapa wagonjwa nusu dozi."

Mganga alifikiri, akakuna kidevu. "Nusu dozi ni mbaya," alikubali. Akavuta vijiti kimoja kimoja, taratibu, bila kuchana hata pembe. Njiani Mzee akaniambia, "Wewe ungefaa kuwa wakili." Nikaiongeza kwenye orodha ya ndoto zangu.

Jumamosi tulizianika karatasi kwenye kamba chumbani. Zenye mafuta ya karanga tulizinyunyizia unga wa chokaa, tukaziweka chini ya uzito, mafuta yakapanda yakaingia kwenye chokaa. Moja doa lake lilikataa kutoka, nitalisema mbele. Kisha tukaanza kupanga. Kitabu hiki, tofauti na vile vya Mzee, kilikuwa na namba juu ya kila ukurasa, namba za kawaida tunazotumia hata leo. Mimi nikasema kazi ni nyepesi. Nasoma namba, Mzee anapokea na kuweka. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, alinitegemea.

Tulikwenda vizuri. Mia ikapita, mia mbili, mia tatu. Kila iliyokosekana tuliikuta mbele, imeshikana na nyenzake. Tukafika mia tatu themanini na tatu, mgongoni mwake mia tatu themanini na nne. Nikanyoosha mkono kuchukua inayofuata.

Mia nne na moja.

Nikatafuta. Nikapindua meza. Nikaingia chini ya jiliwa kwa magoti. Zilizofuata zilikuwepo zote mpaka mwisho wa kitabu, lakini kati ya mia tatu themanini na nne na mia nne na moja hapakuwa na kitu. Kurasa kumi na sita. Kijitabu kizima kimekunjwa na kwenda zake.

Nilirudi Kariakoo peke yangu. Nilimuuliza Bi Pili, fundi, mganga, wauza dagaa, wachoma mihogo. Nilipekua taka za soko kwa kijiti. Nikashuka mpaka Jangwani, ambako maji ya mvua yalikuwa yamesimama, nikiokota kila karatasi nyeupe iliyoelea. Nilipata bahasha moja na karatasi ya biskuti. Bi Pili alinikuta nimekaa ukingoni mwa mtaro nalia, akanifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Mwanangu, nakuapia watoto wangu, nilichopokea kwako nimekirudisha chote."

"Basi zimekwenda wapi?"

"Sijui. Lakini huwezi kukipata kitu kwa kukilia. Kula." Akanipa karanga, zimefungwa kwenye gazeti. Nikazila nikilia.

Sikulia kwa kuogopa kufukuzwa. Nilimlilia Mwalimu Chitanda. Nilimwona anafunga kitabu chake kwenye shuka, anapanda basi la kijijini, na mchwa wanamsubiri. Nilimlilia na yule mtoto wa mkulima, ambaye hata hakuwa amezaliwa labda, anafika mbele ya kabati tupu.

Jumapili asubuhi niliingia karakana kichwa chini. Mzee alikuwa ameshakaa, ameziweka zile karatasi mbili mbele yake, ya mia tatu themanini na nne na ya mia nne na moja, uso umekaribia meza mpaka ndevu zinagusa.

"Tabu!"

"Bee, Mzee."

"Jana uliangalia namba."

"Ndiyo, Mzee. Namba zimeruka."

"Mshika mkono uliangalia?"

Sikuangalia. Kitabu chenye namba, nikaona mshika mkono ni mambo ya vitabu vya zamani vya Kiarabu. Wala sikuwa nimeona kama kitabu cha Kizungu kinaweza kuwa nao. Sasa nikainama. Chini kabisa ya ukurasa wa mia tatu themanini na nne, pembeni, peke yake, palikuwa na neno dogo.

"Soma, macho yangu hayafiki."

"Nam," nilisoma.

"Haya. Na wa mia nne na moja unaanzaje?"

Nikahamisha kidole. Mstari wa kwanza, neno la kwanza. Niliona, lakini mdomo haukufunguka.

"Tabu! Nakuita, husikii?"

"Nam," nilisema.

Mzee akaangua kicheko. "Wewe mtoto wa kike unaitika 'Naam' tangu lini?"

"Si mimi, Mzee! Ni ukurasa! Ukurasa umeita, na huu umeitika! Nam, nam!"

Alizisogeza zile karatasi mpaka zikagusana, akapitisha kidole kutoka neno la chini kwenda neno la juu, akarudia. "Hakuna kilichopotea," alisema polepole. "Maneno yamefuatana. Mtu wa chapa ndiye aliyekosea kuhesabu. Alitoka mia tatu themanini na nne akadhani yuko mia nne. Miaka mia tatu, na kosa lake limekuja kutulizia mtoto Mchafukoge."

Nilitoka nje nikacheza barabarani. Muuza vitambaa wa jirani akauliza kama nimeposwa. Kisha tukashona. Mzee alishona mishono ya kwanza na mimi nikashona iliyobaki, na mara hii kila kijitabu nilikipima mara mbili, namba juu na mshika mkono chini. Mwalimu alipokuja jioni kitabu kilikuwa kwenye jiliwa, ngozi mpya mgongoni, kinanuka gundi.

Mzee hakuficha kitu. Alimweleza yote, karanga, mganga, kola, doa. Mwalimu alisikiliza ameshika kifua. Mwisho akauliza, "Na lile doa?"

Nikamfungulia. Ukurasa mmoja katikati ulikuwa na duara la mafuta, pembeni mwa michoro, kubwa kama sarafu. Nilisema, "Nisamehe, Mwalimu. Lilikataa."

Alilisogeza kwenye mwanga. "Linafanana na mwezi," alisema. "Liache hapo hapo."

"Na Nam maana yake nini, Mwalimu?"

"Nam? Ni 'kwa maana'. 'Kwa sababu.'" Akacheka. "Lugha iliyokufa, binti, lakini ukiiita inaitika."

Jumatatu Mwalimu alituchukua sote wawili maktaba. Mtaalamu alikuwa mzee wa kizungu, mwembamba, na miwani miwili, moja puani na nyingine kwenye kamba. Mzee Seif akaniambia kwa sauti ya chini nishike ukingo wa meza nisianguke. Yule mgeni hakuanza mwanzo wa kitabu. Hakutazama hata jina. Alifungua katikati, akapindua, akapindua, akasimama mahali pamoja, akaangalia namba ya kushoto, akaangalia namba ya kulia. Halafu akafunga macho kidogo kama mtu aliyeonja chai ikamkuta sawa.

Mwalimu Chitanda akatutafsiria. "Anasema chapa zilizofuata zilisahihishwa namba. Hizi namba zilizoruka zipo kwenye chapa ya kwanza tu. Ndicho kitu cha kwanza alichokuja kukitafuta."

Kosa lile nililolililia mtaroni ndilo lililokuwa cheti cha kitabu. Mzee Seif alinitazama, mimi nikamtazama, tukawa kama wezi wawili waliofurahi.

Mwalimu alihama mwisho wa mwezi, mikono mitupu, anacheka. Aliniandikia barua mbili tatu, zote kuhusu wanafunzi wake, na moja kuhusu mwembe uliomwangushia embe akiwa anafundisha. Mzee Seif alinikabidhi lile jiliwa miaka kadhaa baadaye, macho yalipomwishia kabisa. Bi Pili aliendelea kuchukua gunia kila Alhamisi, ila kuanzia siku ile hakukunja karatasi kabla hajaniuliza, "Hii hai au imekufa?" Na mimi, karakana ilipofungwa, nikaajiriwa hapo hapo maktaba, kwenye chumba chenu, mita chache kutoka kabati la kioo. Nimekipangusa vumbi kitabu kile miaka yote. Lile doa lipo. Limekolea rangi kidogo, kama mimi.

Sasa Neema, hili nimelihifadhi mwisho kwa ajili yako, na wenzako wacheke. Wiki yangu ya mwisho kazini mlikuwa mnahakiki vitabu vya kabati. Ulikuja mbio, fomu mkononi, umeshaandika kwa kalamu nyekundu "Pungufu, kurasa kumi na sita". Macho yalikuwa yamejaa maji. Ulidhani zimepotea zamu yako.

"Bibi Tabu, nimemaliza. Nimetafuta kila mahali."

Nilikwenda nawe mpaka kabatini, sikukuambia kitu. Nikakufungulia palepale.

"Soma neno la chini."

"Hili dogo? Nam..." Ukalisoma kwa kuuliza, kama mtu aliyeitwa ghafla.

"Haya, na ng'ambo?"

Ukaangalia. Nilikuwa nakutazama wewe, si kitabu, kwa sababu nilitaka kuona uso ule, ambao mimi sikuuona kwangu mwenyewe siku ile Mchafukoge. Ukaufungua mdomo, ukaufunga, kisha ukapiga kelele maktaba nzima ikageuka, na mimi, mtumishi wa umma wa miaka mingi, nikashindwa kukuambia unyamaze.

Ile fomu uliichana. Vipande umevitupa wapi sijui. Vilikuwa vya Kilatini.